Mtukutu wa kwenye Sims na mtukutu wa Ngamiani

Ukimfikisha mtoto umri wa kuanza kutembea kwenye The Sims 4, ule mchezo wa kompyuta wa kuendesha maisha ya watu wa kubuni, mchezo unakuwekea tabia 8 na kukutaka uchague moja. Kuna mtulivu asiyesumbua mtu, kuna mchangamfu anayejichekesha kwa kila mgeni, kuna mdekaji asiyebanduka miguuni kwa mzazi, kuna mnunaji, kuna wa "nitafanya mwenyewe", kuna mdadisi, kuna mchekeshaji, na kuna mtukutu. Mkono wangu huenda wenyewe kwa mtukutu. Anayenijua hapa mtaani Ngamiani, Tanga, hata haulizi kwa nini.

Mimi ni fundi cherehani. Mchana ni sare za shule, magauni ya harusi na suruali za kupunguzwa kiuno. Usiku, umeme ukiwapo, nafungua kompyuta niliyoinunua ikiwa imeshatumika, ile ambayo feni yake huvuma mpaka mama ananiuliza kutoka chumba cha pili kama bado nashona. Mchezo wa msingi ni bure tangu Oktoba 2022, kwa hiyo gharama yangu ni bando tu. Na bando inaniuma, maana kila wakitoa toleo jipya bando lote linanyonywa usiku mmoja na asubuhi sina hata la kumtumia mteja picha ya mshono.

Sasa huyo mtukutu. Binti yangu alipokuwa na miaka miwili mtaa mzima ulimwita Kimbunga, na hakuna aliyemwonea. Ukimwacha mlangoni uchukue sindano iliyoanguka, ukiinua kichwa ameshafika barabarani katikati ya baiskeli na bajaji, na nyinyi mnaoijua Tanga mnajua baiskeli zetu zilivyo nyingi. Dukani kwa Mpemba alivuta trei ya mayai ikaja yote. Kwa kinyozi alikata waya wa mashine kwa mkasi wangu mwenyewe. Nililipa mayai, nikalipa waya, nikaomba radhi nyumba hadi nyumba, na jina likabaki.

Leo ana miaka minane. Ni mtoto wa kukaa kitako. Anapenda kupanga vifungo kwa rangi, anasoma vitabu vya dada yake mkubwa wa kwa shangazi, na ukimtuma anarudi na chenji kamili. Lakini akitia mguu dukani tu, mwenye duka anapaza sauti: "Kimbunga huyo, shikeni mayai!" Watu wanacheka. Yeye pia alikuwa akicheka. Siku hizi hacheki, na mwezi uliopita alikataa kwenda dukani kabisa, nikaenda mwenyewe kununua sukari na kiberiti, nikamwambia mwenye duka maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu ni mtu mzima mwenye ndevu zake na tutaendelea kukopeshana.

Ndiyo maana mchezo huu umenishika. Mtukutu wa kwenye Sims ana nguvu zisizoisha, na wewe mlezi unapata kazi ya kumkimbilia huku na huku. Vitoto vyote mle ndani, hata vile vitulivu, vinaweza kuchezea maji ya choo, kumwaga chakula sakafuni na kupasua kilio katikati ya nyumba. Lakini tabia uliyochagua ina upande wake wa faida. Mtukutu hujifunza mwendo upesi kuliko wenzake. Mdadisi anatangulia kwenye fikra, mchangamfu kwenye mazungumzo, mchekeshaji kwenye mambo ya kuwazawaza na kubuni. Mdekaji huingiwa na huzuni mlezi akiwa mbali, na mnunaji hasira yake iko karibu sana, njaa kidogo tu keshachafuka.

Halafu unakuja utoto wa shule. Unamwekea keki, anazima mishumaa, anakua, na ile tabia inafutika. Haihamii popote. Mchezo unakuuliza upya: huyu mtoto ni nani? Unachagua tabia nyingine kabisa, akifika ujana mdogo unaongeza ya pili, akiwa mtu mzima ya tatu, na hakuna mahali popote kwenye karatasi yake palipoandikwa kwamba aliwahi kuchezea maji ya choo.

Kinachobaki ni alichojifunza. Kitoto kina stadi 4 zenye ngazi 5 kila moja, yaani mwendo, mazungumzo, fikra na ubunifu, na ya tano ni poti yenye ngazi 3. Ukimfikisha juu kote kabla hajakua, anapata sifa ya kudumu inayomfanya ajifunze mambo haraka maisha yake yote. Asipofika juu lakini akapita katikati, kuna sifa ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo mchezo unakumbuka alichofunzwa na unasahau alivyosumbua. Mtaa wetu umeshika kinyume chake, na mtaa una kumbukumbu nzuri sana.

Si kila Sims ilikuwa hivyo. Nilianzia The Sims 2, ile ya 2004, kwenye kompyuta ya binamu yangu kule Chumbageni, tukigombania kiti. Mle kila mtu alikuwa na pointi 25 za kugawana kwenye mizani 5: unadhifu, kupenda watu, kujishughulisha, kupenda mchezo na wema. Mtoto aliyezaliwa alichukua kutoka kwa wazazi wake. Shangazi yangu angeipenda ile, maana kwake yeye kila kitu ni damu. Binti yangu alipovunja mayai alisema, "Mjomba wake huyo mtupu," na mjomba mwenyewe alikuwa amekaa palepale anakunywa chai.

The Sims 3, ya 2009, ilikuwa ya mama. Mtoto alizaliwa na tabia 2, na hizo alikaa nazo mpaka uzee, nyingine zikiongezwa juu yake. Na mama mwenye mimba akitunzwa vizuri, akawa na furaha, wewe mchezaji uliruhusiwa kuchagua zote mbili. Akiishi kwa dhiki, mchezo ulimpachika mtoto wenyewe, na bahati yake. Nilipomweleza mama jambo hilo alitikisa kichwa cha kukubali kwa muda mrefu. Kwake mjamzito haudhiwi, hagombezwi, hanyimwi alichotamani. Mimi nilinyimwa embe bichi na mtu ambaye hayumo tena katika maisha yangu, na mama mpaka leo anaamini mayai ya Mpemba yalianzia kwenye embe lile.

The Sims 4 ilipotoka Septemba 2014 haikuwa na vitoto vya umri huu wa kuanza kutembea kabisa. Mtoto alitoka kitandani mwa kichanga akaingia darasani moja kwa moja. Wachezaji walilalamika miaka miwili na zaidi, mpaka 12 Januari 2017 vikaletwa bure. Vichanga wa kutambaa wakafuata Machi 2023, nao wana hulka zao 6, kutoka mpole mpaka yule asiyetulia mikononi, pamoja na vijitabia vya pembeni: wa kupiga chafya ovyo, wa gesi tumboni, wa kula huku akijipaka. Hapo kwenye gesi nilicheka peke yangu usiku wa manane.

Nina ugomvi na mchezo, lakini. Tabia moja haitoshi. Kimbunga wangu alikuwa mtukutu mchana na mdekaji jua likizama. Akisikia adhana ya magharibi tu anamtafuta bibi yake, anapanda mapajani, hataki mtu mwingine amguse, hata mimi niliyemzaa. Ungemweka wapi kwenye ile orodha? Nimewahi kusoma kuhusu Alexander Thomas na Stella Chess, madaktari wa New York walioanza mwaka 1956 kuwafuatilia watoto toka uchanga. Walipata makundi matatu: wepesi kulea, kama asilimia 40, wagumu, asilimia 10, na wale wa kuzoea polepole, asilimia 15. Waliobaki, zaidi ya theluthi, hawakuingia kundi lolote. Wangu yumo humo kwenye waliobaki, mimi sina shaka.

Jingine ni muda. Kwa mpangilio wa kawaida utoto huu wa kuanza kutembea ni siku 7 za mchezo. Siku moja ya mle ndani, ukiiacha iende kwa mwendo wake, ni dakika 24 zetu. Piga hesabu: dakika 168, haifiki saa tatu. Saa tatu za utukutu! Nikamwambia jirani yangu mwenye mapacha wa miaka miwili, akaniuliza mchezo huo unauzwa wapi.

Ila mahali ambapo wametengeneza vizuri kweli ni pale unapogundua kwamba ile tabia, ukiitazama sana, inamhusu mlezi. Nikichagua mdekaji, ninachochagua hasa ni kwamba kuna mtu hataenda kazini, au ataenda na roho imesimama. Nikichagua wa "nitafanya mwenyewe", ninajipa nafasi ya kupika. Mtulivu ni usingizi wangu. Wapo wanaosema mtulivu ni wa wachezaji wavivu. Waje wakae hapa msimu wa sare za Januari, kila mzazi anataka ya kwake Ijumaa, halafu waniambie uvivu uko wapi.

Wengi nawaona wanajenga nyumba ya baba, mama na mtoto, kisha wanalia kwamba mnunaji amewashinda. Bila shaka atawashinda. Wote wawili wana kazi, chakula kinaungua, mtoto ana njaa, na ukizembea mno mtu wa ustawi wa jamii anakuja kumchukua. Hilo la ustawi wa jamii ndilo lisiloniingia. Mtoto wa Ngamiani akilia kwa njaa nusu saa, kabla serikali haijajua, mama wa nyumba ya tatu ameshamchukua, amemlisha, amemwogesha, na jioni anamrudisha pamoja na mawaidha.

Kwa hiyo najenga kwa mtindo wetu. Nyumba moja mchezo unaruhusu watu 8, na mimi nawajaza wote. Bibi, mama, baba, mjomba asiye na kazi maalumu, shangazi, binamu wawili vijana, na kitoto. Mtu yeyote kuanzia kijana wa balehe anaweza kulea, kwa hiyo kazi inagawanyika bila mtu kuzidiwa. Mjomba anafundisha poti. Bibi anasoma vitabu. Binamu mmoja kazi yake ni kuongea naye tu, na mazungumzo yanapanda ngazi bila mtu kujua. Kwa mpango huo nimelea mnunaji mpaka juu kote, na hakuna aliyelala njaa. Nikajaribu nyumba ileile na watu watatu, mnunaji akanionyesha kazi.

Tatizo la watu 8 ni kwamba hakuna nafasi ya mtoto wa pili. Mama wa nyumba yangu ya sasa nataka ashike mimba, na nyumba imejaa. Binti yangu, ambaye siku hizi hukaa pembeni yangu na mto wake mpaka saa tatu usiku, ameshatoa hukumu: mtukutu abaki, shangazi ahamishwe, kwa sababu anaongea sana. Nimemweleza kwamba huyo shangazi ndiye pekee mwenye mshahara mzuri na akiondoka umeme wa nyumba utakatwa. Akafikiri kidogo.

"Basi mjomba," akasema.

Tumemhamishia mjomba nyumba ya pili, ya chumba kimoja, na tunamwita kila siku aje kufundisha poti.