"Varetektsfengslet i fire uker" si kufungwa wiki nne

Kijana wa jamii yetu akikamatwa na gazeti la hapa Norway likaandika, simu haziishi: "Umesikia? Mtoto wa mama fulani kafungwa wiki nne." Gazeti halikusema hivyo. Liliandika varetektsfengslet i fire uker, yaani kawekwa rumande wiki nne, na kwa kutolielewa neno hilo tunamhukumu mtoto wa watu kabla ya mahakama.

Lipasue. Fengsel ni jela, ukoo mmoja na fange, mfungwa. Ile s ya katikati ni kiungo tu. Inabaki varetekt. Vare hii si ile ya dukani, bidhaa. Ni ile ya ta vare på, kutunza, maneno yaleyale mwalimu wa chekechea anayokwambia asubuhi mwanao aking'ang'ania koti lako. Tekt inatokana na å ta, kuchukua. Imo kwenye inntekt, kipato, na imo pia kwenye voldtekt, ubakaji, kwa kuwa vold ni matumizi ya nguvu. Varetekt basi ni kukichukua kitu ukakitunza; hata simu uliyoiokota kwenye basi unaweza kuichukua i varetekt.

Kwetu ni rumande, au mahabusu, kutoka Kiarabu, mtu aliyezuiliwa. Neno letu naliona la kweli zaidi. Mama anayeambiwa kuna brev- og besøksforbud, yaani hakuna barua wala kumtembelea mwanawe, haoni utunzaji wowote pale.

Lakini sheria ina mipaka. Polisi wakitaka kuendelea kumshikilia mtu, wamfikishe kortini haraka, isizidi siku ya tatu baada ya kumkamata. Hakimu akikubali azuiliwe, kwa kawaida haruhusu zaidi ya wiki nne kwa mara moja, ndiyo maana wiki nne hizo hamuishi kuzisoma. Zikiisha, polisi warudi kortini kuomba tena. Muda wote huo yeye ni siktet, mtuhumiwa. Kwa hiyo tafadhali, kwenye magrupu ya WhatsApp andikeni "yuko rumande", basi.

Akija kutiwa hatiani na kupewa kifungo, siku alizokaa ndani zinatolewa kwenye adhabu. Hiyo inaitwa varetektsfradrag, na fradrag ni lilelile la kwenye fomu ya kodi, makato. Akionekana hana hatia, familia imuulize wakili mapema kuhusu fidia, maana sheria inamruhusu kuidai.