Fibonacci iliyonikesha hadi saa tisa usiku

Swali la kuandika programu lilikuwa mistari miwili tu: tafuta namba iliyo nafasi ya n katika mfuatano wa Fibonacci (1, 1, 2, 3, 5, 8... kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia), utoe baki ukigawanya kwa 1,000,000,007. n inafika moja yenye sifuri 18. Muda wa programu kumaliza, sekunde 1. Nikacheka. Fibonacci si ndiyo tuliyoanzia siku ya kwanza?

Nikapiga lupu, yaani kujumlisha hatua moja moja, kwa lugha ya C++ haraka haraka, baki nikaisahau. Hadi namba ya 92 mambo safi. Ya 93 ikatoka hasi, nafasi ya biti 64 inayobeba namba imejaa. Nikarekebisha. Lakini hata kompyuta ikipiga hatua milioni 100 kwa sekunde, kazi ingeisha baada ya miaka 300 na ushee, na umeme wangu wa LUKU ulibaki yuniti nne.

Kaka mmoja aliyenitangulia chuo akaniambia, "Mdogo wangu, hamia lugha ya Python, yenyewe haiogopi namba kubwa." Jumamosi nzima ikapotea hapo. Kweli haiogopi, ila namba yenyewe ina tarakimu zaidi ya milioni 200 mara bilioni moja! Kariakoo nzima huipati laptopu ya kuibeba. Na mimi nilichoulizwa ni baki tu, jamani.

Ufumbuzi niliupata ndani ya basi la mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama, kalamu mkononi na karatasi ya sambusa. Namba ya 5 ni 5, ya 6 ni 8. Nikachezea: 8 mara mbili, toa 5, zidisha kwa 5. Ikaja 55, na 55 ndiyo namba ya 10! Kipeo cha pili cha 5 jumlisha cha 8 ni 89, ya 11. Kumbe naruka kutoka nafasi ya 5 hadi ya 10, hadi ya 20, hadi ya 40. N yote inaisha kwa hatua kama 60. Najua fomula hiyo iko vitabuni tangu zamani, ila mimi niliiona kwenye mafuta ya sambusa. Nilikuwa nashuka Magomeni, nikazindukia kituo cha Fire.

Usiku nikaiandika kwa C++, hasi tena. Saa mbili nzima natafuta. Ni pale pa "toa 5": ukishachukua baki, unachotoa kinaweza kuzidi unachotolea, na C++ inakuachia hasi hiyo hiyo. Jumlisha 1,000,000,007 kwanza, ndipo uchukue baki.

Saa tisa kasoro jaji, mfumo unaosahihisha programu, ikawaka kijani: jibu sahihi. Asubuhi nikamtumia kaka picha. Akajibu: "Si unaona? Nilikwambia Python."

Sikumjibu.