Kipindi cha michezo katika kitengo cha elimu maalumu
Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza kwamba watoto wenye ulemavu, kama wenzao, wapate angalau wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kiasi hadi makali. Katika kitengo ninachofundisha, dakika hizo hazipatikani kwa amri ya filimbi. Filimbi yenyewe ndiyo kikwazo cha kwanza, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wenye usonji huziba masikio na kujikunyata inapolia, na ndiyo maana tunatumia kadi za picha zilizobandikwa ukutani kwa mpangilio usiobadilika: kukimbia, kuruka, kurusha mpira, kunywa maji. Mtoto akimaliza zoezi huibandua kadi na kuitia kikapuni, kisha huelekea linalofuata bila kusukumwa. Wenye ulemavu wa akili huhitaji zaidi kuonyeshwa kwa vitendo, hatua moja moja, na kurudiarudia (jambo ambalo mgeni mwenye haraka hulidhania uvivu wa mwalimu). Kwa maoni yangu, timu moja inayowachanganya wanafunzi wetu na wa madarasa ya kawaida kila wiki, mfumo ambao Special Olympics, shirika la michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, imeueneza katika nchi nyingi, inafaa kuliko bonanza la mara moja kwa mwaka, ambalo aghalabu huwaacha watoto wetu pembeni wakiwapigia wengine makofi.