Ndevu za siku tano Misali

Mfuko wangu wa kunyolea ulibaki Chake Chake, Pemba, juu ya kabati la bibi, na mimi nikaja kuukumbuka gati la Wesha limeshakuwa dogo nyuma yetu. Sikujali. Ami alisema tunakwenda siku mbili tu, na siku mbili za ndevu hazimuumizi mtu.

Nilikuwa nimevuka kutoka Unguja, boti ya asubuhi ya Malindi hadi Mkoani, kwa ajili ya nikaha ya binamu yangu Ijumaa baada ya sala. Nimewekwa shahidi, kwa hiyo watu wangenitazama. Lakini Ijumaa ilikuwa mbali, ndiyo kwanza Jumamosi, na ami alikuwa anakwenda dago. Dago ni kambi ya wavuvi: mnahamia kisiwani na masufuria yenu, mnalala huko, mnavua usiku, na kurudi ni pale samaki watakapotosha au maji ya kunywa yatakapokwisha. Mimi nimekulia mjini, dago nililijua kwa kusimuliwa tu. Nikaomba nafasi kwenye mashua.

Misali, kisiwa tulichohamia, iko magharibi ya Chake. Wazee husema Nabii Khidhr alifika hapo akaomba msala wa kusalia, ukakosekana, akasema basi kisiwa hiki chenyewe kitakuwa msala wangu, kwa kuwa kimeelekea kibla. Ami alinihadithia hayo usiku wa kwanza huku akitoa magamba, bila kuinua kichwa. Alfajiri tulisali mchangani pale Mbuyuni, na kila nikitoka kwenye sijida mchanga umeninasa kidevuni. Siku ya kwanza niliupangusa. Siku ya nne nilikuwa naukwangua kwa kucha.

Maana siku mbili zilipita, na kusi, upepo wa kusini, likakaza. Julai ndiyo yake. Mkondo baina yetu na Wesha ulikuwa mweupe mtupu, na ami, ambaye nimewahi kumwona akicheka katikati ya mvua ya mawe ya maneno kutoka kwa mkewe, alitazama bahari mara moja tu akarudi kulala. Mchele ulikuwepo. Samaki walikuwepo. Wembe, hakuna aliyekuwa nao. Wenzetu wanne wote wafuga ndevu.

Nilichokuwa nacho ni kisu cha kukunja, Opinel ya mpini wa mti, yenye chuma cha kaboni. Chuma cha namna hiyo hunoleka upesi na hushika kutu upesi vilevile, na siku hizo nilikuwa nakikatia ngisi wa chambo. Jumatano jioni nikasema nitajinyolea hicho hicho.

"Ndevu sunna, mwanangu," ami akasema. "Kwa nini uzitoe?"

"Ami, hizi si ndevu. Tazama mwenyewe." Zangu huota mafungu mafungu, kama majani ya mwambani. Nilitaka kusafisha mashavu na shingo tu, kidevu nikiache.

Akanitazama muda mrefu kidogo. "Kweli," akasema, akaenda kuleta kinoo.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba maisha yangu yote nimekuwa nikinoa vibaya. Mimi nilikuwa nasugua. Yeye alikilaza kisu karibu bapa juu ya jiwe lililoloa, mgongo umeinuka kiasi cha kupita shilingi mbili zilizopandana, akakivuta kutoka shinani hadi nchani kwa mkono usiotikisika. Upande mmoja mpaka alipopitisha kidole gumba akahisi ukingo umekunja kijinywele kwa pili yake, kisha akageuza. Baadaye uso laini wa kinoo, kwa uzito wa mkono peke yake. Wembe wa kinyozi wa zamani ni mnene mgongoni na mwembamba mno makalini, ukiulaza juu ya jiwe mgongo wenyewe ndio kipimo, huwezi kukosea pembe. Kisu hakina huruma hiyo. Pembe unaishika wewe, na makali yake ni mapana kama mara mbili ya yale ya wembe, ndiyo maana kisu kinachokata kamba vizuri kinaweza kuzing'oa ndevu badala ya kuzikata.

Mwisho akavua mkanda wake wa suruali, akaufunga kwenye mlingoti, na akakipitisha kisu upande wa ndani wa ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, kwenda na kurudi, labda mara 50. Akakijaribu kwenye mkono wake. Vinyweleo vikaanguka bila sauti.

"Sasa kinapata."

Nikataka kuanza. Akanishika mkono. "Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Hujasikia?"

Nimeisikia methali hiyo tangu chekechea, tukiambiwa ni habari ya kujihadhari na yaliyowapata wengine. Sikuwahi kufikiri kwamba kabla ya kuwa methali ilikuwa maelekezo ya kazi. Unywele mkavu ni mgumu kama waya. Unywele huo ukinywa maji ya moto dakika mbili tatu unavimba na kulainika. Nilikwenda kuchota maji ya bahari, ami akacheka: sabuni haitoi povu kwenye maji ya chumvi. Akanipimia kikombe kimoja kutoka kwenye dumu la maji ya kunywa, akakipasha. Kikombe kimoja, na macho manne yakinihesabia kila tone.

Kitambaa cha moto usoni, sabuni ya mche, halafu mafuta ya nazi juu yake. Kioo kilikuwa simu yenye asilimia 9 ya chaji. Nikaivuta ngozi ya shavu kuelekea sikioni, nikakiinamisha kisu kiasi cha nyuzi 30, nikashusha kwa kufuata ndevu zinavyolala. Sauti yake ni kama mtu anapara samaki chumba cha pili. Haikuuma! Shavu la kulia lilitoka safi kiasi cha kunifanya nijione fundi.

Shavu la kushoto lilinirudisha duniani. Mkono wa kulia ukivuka uso, huoni mgongo wa kisu umeinuka kiasi gani. Chini ya taya kikashika, kikavuta, nikaona wekundu kwenye simu kabla ya kuhisi kitu. Mara mbili. Karibu na koromeo nikaacha. Nina akili kidogo. Maji ya bahari juu ya mikato ile yalinifanya niimbe, na wenzetu wakaitikia.

Alhamisi asubuhi upepo ulilegea, adhuhuri tulikuwa Wesha. Nilikwenda moja kwa moja kwa kinyozi mjini Chake. Hakuuliza kitu. Alinipaka shabu palipokatika, akaninyanyua kidevu kuelekea kwenye kioo, na akanionyesha kwa ncha ya kitana ukanda mzima wa ndevu chini ya taya la kushoto, umesimama kama ulivyokuwa Misali. Alinitoza bei ya uso mzima.

Kwenye picha za nikaha nimekaa upande, shavu la kulia mbele.