Nilichotaka kumwambia kinyozi wangu

Leo jioni nimenyolewa huku nimekasirika, na chanzo chake ni Denzel Washington.

Saluni ninayonyoa iko Mabibo. Chumba kimoja, viti viwili, feni inayowapepea walioketi mlangoni tu, na televisheni iliyofungwa juu ya kioo. Kinyozi wangu hana habari na mpira. Kwake ni muvi tangu anafungua mpaka anafunga. Leo alikuwa ameweka Training Day. Ikafika pale Denzel anapopayuka katikati ya mtaa, watu aliozoea kuwatisha wamempa mgongo, naye anajilinganisha na King Kong. Kinyozi akazima mashine, akaghani naye neno kwa neno, kisha akatoa hukumu: "Kaka, hapa ndipo uigizaji ulipoishia. Hajatokea na hatotokea." Mzee aliyekuwa anasubiri zamu akaitikia. Kijana wa bodaboda, ambaye hata hakuja kunyoa, naye akaitikia. Mimi nilikuwa na povu mpaka chini ya pua na wembe uko shingoni. Mtu aliye katika hali hiyo habishi.

Nimerudi nyumbani na maneno yangu yote kifuani. Nayamwaga hapa: uigizaji mkubwa mara nyingi ni ule wa kimya, ambao watu wanaupuuza.

Kwanza, sikatai kwamba Denzel pale ni moto. Picha ile ni ya mwaka 2001 na Oscar aliyopewa ilikuwa haki yake. Lakini siku ukiirudia, usimtazame yeye, mtazame Ethan Hawke, anayeigiza polisi mgeni kazini chini ya Denzel, polisi fisadi. Kitazame kile kipande cha bafuni, wahuni wamemburuta mpaka kwenye sinki la kuogea, bunduki iko usoni. Denzel hayupo kabisa kwenye kipande hicho, na bado ndipo tunapojua kwa hakika ni mtu wa namna gani, kwa sababu tunausoma ubaya wake kwenye uso wa kijana aliyemwamini. Mtaa mzima unamsifu anayefoka. Anayefokewa nani anamkumbuka?

Pili, kama ni Denzel, mimi nampeleka kinyozi nyuma mpaka mwaka 1989, kwenye Glory. Anaigiza askari mweusi aliyetoroka utumwani akajiunga na jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani. Anafungwa kwenye gurudumu la mkokoteni achapwe viboko mbele ya kikosi, na alipovuliwa shati mgongo umejaa makovu ya zamani. Viboko vinashuka. Halii, haombi, hatukani. Anamkazia macho kamanda wake, na baada ya muda chozi moja linateremka shavuni, basi. Picha ile ilimpa Oscar yake ya kwanza, ya mwigizaji msaidizi. Pale hana hata sentensi moja ambayo kinyozi wangu angeweza kuighani.

Najua kwa nini napenda uigizaji wa namna hii. Ni ugonjwa nilioupata kwenye kibanda umiza.

Waliokulia Manzese miaka ya tisini wanakijua. Kuta za mabati, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili mwanga usiingie na wasiolipa wasichungulie, mabenchi ya mbao yenye misumari ambayo kila mtoto aliijua ilipo. Ndani joto tupu. Mbele kuna televisheni moja na deki, na pembeni yake jamaa ameshika maiki. Huyo ndiye mtafsiri. Kina Lufufu wakaja kuwa na majina makubwa, tafsiri zao zikiuzwa kwenye kaseti nchi nzima, lakini karibu kila mtaa ulikuwa na wa kwake. Wa kwetu Kiingereza alikijua kama tulivyokijua sisi, yaani hakijui. Alichokuwa nacho ni mdomo. Sauti ya picha inapunguzwa mpaka inabaki kama mbu sikioni, yeye anaingia. Stelingi, yaani shujaa wa picha, alizungumza kama konda wa Kariakoo. Bosi wa maadui alizungumza kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Sasa fikiria umri wa miaka kumi unatazama picha mia mbili hivi bila kusikia sauti ya mwigizaji hata mmoja. Nilichobaki nacho ni sura. Nikawa nalinganisha: mtafsiri anasema jamaa kakasirika, mimi naona jamaa kaogopa. Sikuthubutu kusema. Ukisema, unatolewa nje na shilingi yako hairudi.

Siku moja ikawekwa Rambo ile ya kwanza kabisa, ya mwaka 1982. Kibanda kilijaa mpaka watu walikaa kwenye mapaja ya wenzao. Vita ikapigwa, kituo cha polisi kikasambaratishwa, watu wakaanza kusimama wakatafute kandambili zao. Kwa hesabu za kibanda umiza, adui akishaanguka picha imeisha. Kumbe haijaisha. Stallone, yaani Rambo mwenyewe, ameketi ukutani mbele ya kanali wake wa zamani, analia. Analia vibaya, kamasi zinamtoka, maneno yanapishana mdomoni. Mtafsiri wetu alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Hapa anamlilia mama yake, kafiwa." Watu wakacheka wakatoka. Mimi nilibaki kwenye benchi mpaka mwenye kibanda akaja kuzima deki.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na simu yenye bando na spika za masikioni, nikakisikia alichokuwa anakisema. Anasimulia kule Saigon, kwenye vita vya Vietnam: mtoto alikuja na sanduku la kupigia viatu kiwi, rafiki yake akakubali kupigwa kiwi, sanduku likafunguliwa, likalipuka. Anasimulia jinsi alivyojaribu kumkusanya mwenzake kwa mikono. Nilisimamisha picha nikaenda kunywa maji. Mjini hapa watoto wa kupiga kiwi nimewapita kila siku ya maisha yangu.

Kwa hiyo ukiniuliza ni uigizaji gani uliopuuzwa kuliko wote, nakujibu Sylvester Stallone, na najua utanicheka. Tulimhesabia risasi tukasahau kumhesabia zile dakika za mwisho. Na mtafsiri wetu, nikitafakari, hakuwa mbali sana. Alimwona mtu aliyefiwa, akakosea marehemu tu.

Kuna mwingine wa kundi hilo la picha za ngumi, Jean-Claude Van Damme. Mwaka 2008 alicheza picha inayoitwa JCVD, anaigiza kama yeye mwenyewe, nyota aliyechuja, amenaswa kwenye uporaji wa posta. Katikati ya picha kiti chake kinapandishwa juu, mpaka taa za studio zinaonekana, anaitazama kamera na kuongea maisha yake kwa dakika kadhaa bila kukatizwa. Dawa za kulevya, wanawake, umaarufu, yote. Niliwawekea rafiki zangu wawili. Wa kwanza aliuliza, "Mbona hapigi?" Wa pili alilala.

Mama yangu ana chuo kingine kabisa. Yeye ni wa picha la Kihindi, enzi za Avalon na Empire mjini, na Drive-In ya Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani siku hizi. Sholay ya mwaka 1975 anasema aliitazama Drive-In, wamejazana nyuma ya pikapu ya mjomba wake na sufuria la mihogo. Ukimwuliza mtu yeyote wa rika lake kuhusu Sholay atakuigizia jambazi Gabbar Singh, mkanda mkononi na kicheko juu. Amjad Khan, aliyemwigiza, alistahili, sina neno. Mama peke yake ndiye nimemsikia akimtaja Jaya Bhaduri. "Yule mjane wa taa," anasema. Kila jioni mjane yule mwenye nguo nyeupe anapita barazani akizima taa moja baada ya nyingine, na kule chini Amitabh anapuliza kinanda cha mdomo, wanatazamana kwa mbali. Mapenzi yao yote yamo mle, na karibu hakuna walichoambiana. Nilipokuwa mdogo niliona vile vipande vinachelewesha ngumi. Sasa ndivyo ninavyovirudia.

Na ndani ya picha hiyo hiyo yupo Sanjeev Kumar, anayeigiza Thakur mwenye shuka mabegani. Kuna mahali bunduki iko miguuni pake, mwenzake anaihitaji, naye hainami kuiokota. Tunamchukia. Halafu tunaonyeshwa kwamba chini ya lile shuka hana mikono, Gabbar aliikata yote miwili. Ukirudi mwanzo unakuta mwigizaji alikuwa akibeba siri hiyo muda wote kwa shingo na macho. Miaka mitatu kabla yake, kwenye Koshish, aliigiza bubu asiyesikia na akapata tuzo ya taifa ya India. Mtu wangu kabisa huyu. Hapo sijamgusa Mithun Chakraborty, nyota mwingine wa Kihindi, ambaye hapa Dar tulimgeuza mwalimu wa disko, kumbe picha yake ya kwanza, Mrigayaa ya mwaka 1976, ilimpa tuzo hiyo hiyo ya taifa, na hachezi disko hata kidogo.

Nyumbani je? Hapa ndipo ninapogombana na watu kweli.

Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28, mji ulisimama. Leaders Club ilifurika, watu walizimia. Tangu siku hiyo kumjadili kama mwigizaji imekuwa kama kumsema marehemu. Mimi nampenda, ndiyo maana nasema: vilio vyake vikubwa kwenye majumba ya kifahari havinigusi kama alivyokuwa akicheza na watoto. Kwenye picha yake Uncle JJ anawaachia watoto uwanja. Nyota wengi hawawezi hilo, maana mtoto akiachiwa anakuibia picha yote. Yeye alikubali kuibiwa.

Mzee Majuto ndiye ninayemlilia zaidi. Amri Athumani, mtu wa Tanga, alifariki Agosti 2018 hapa Muhimbili. Tukamwita mchekeshaji, na kwetu ukishaitwa mchekeshaji umeshatolewa kwenye orodha ya waigizaji. Chukua DVD yake yoyote, hata ile iliyopigwa kwa kamera moja uani kwa mtu, kuku wanapita. Tazama anavyopokea habari. Anaambiwa jambo, anatazama pembeni kidogo, midomo inaanza kusema inaacha, macho yanarudi. Kicheko kimeshakutoka kabla hajajibu. Mwenzake bado anaongea na wewe humsikii tena. Ungempa mzee yule mswada wa maana na mwongozaji mwenye subira, akaigiza baba aliyedhulumiwa shamba, tungetafuta leso.

Halafu yupo Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi wanamjua kwa tamthilia na ualimu. Mimi nilimwona kwenye Maangamizi, picha ya mwaka 2001 ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, kwa diski niliyoazimwa na rafiki aliyesoma sanaa za maonyesho pale Mlimani, na aliyeidai kama deni la benki. Ndiyo ilikuwa picha ya kwanza Tanzania kuipeleka kushindania Oscar. Lihamba ni Samehe, mgonjwa katika hospitali ya akili ambaye hajatamka neno kwa miaka 20. Daktari Mmarekani mweusi anakuja, anaongea, anauliza, anabembeleza. Yeye yupo tu. Lakini ukimya wake si wa mtu mtupu. Ni wa mtu ambaye ameshasema yote ndani na hajaona wa kumpa. Niliitazama usiku, feni ikizunguka, nikajikuta napunguza sauti badala ya kuongeza.

Zaidi ya miaka 20 ikapita ndipo ikapelekwa Oscar Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ile iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Watu waliizungumzia Yasmin na Denge, ndivyo inavyotakiwa, hao ndio wenye hadithi. Mimi nilimfuata Mwajuma, aliyeigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa taarabu. Rafiki wa stelingi kwa kawaida hupewa kazi ya kuuliza "ehe, ikawaje?" Huyu akiingia chumbani, chumba kinakuwa chake.

Saa sita inakaribia, bando limebaki kidogo na mbu wameshajua niko macho. Nimetuma ujumbe kwa kinyozi: "Kaitafute Glory." Kajibu kwa sauti, nyuma yake mashine inanguruma: "Kaka, hiyo nimeiona zamani, Denzel haongei sana mle."

Jumamosi ijayo narudi. Kichwa anyoe, ila ndevu asiziguse mpaka nimalize kusema.