Gari limfuate mnyama: kutoka Dan Patch hadi punda wa Tanga

Farasi wa mbio za gari hapandwi mgongoni. Anafungwa kigari chepesi cha magurudumu mawili, dereva anakaa karibu kabisa na mkia, na farasi haruhusiwi kwenda shoti. Akianza kuruka, dereva anamvuta arudi kwenye mwendo wake. Dan Patch, farasi maarufu wa mbio hizi, alikuwa wa aina inayotupa miguu ya upande mmoja kwa pamoja, kama ngamia.

Alizaliwa Oxford, jimbo la Indiana, Marekani, mwaka 1896, na mguu wake wa nyuma wa kushoto ulikuwa na kasoro. Alipofungwa gari, kwato ya mguu huo ilitoka nje na kugonga gurudumu. Waliomtunza hawakumpiga wala kumlazimisha abadili hatua. Waliongeza upana wa ekseli, na mhunzi akamtengenezea kiatu cha chuma cha kuusaidia mguu. Alianza mashindano 1900 na hakushindwa shindano hata moja, ila raundi mbili tu. Mwaka 1905, Lexington, alimaliza maili moja kwa dakika 1 na sekunde 55 na robo. Rekodi hiyo rasmi ilidumu mpaka 1938.

Watu wa Tanga, mji wa baiskeli, watalielewa na hili. Mwaka 1892 vigari vya mbio vilianza kufungwa magurudumu madogo ya mtindo wa baiskeli, yenye beringi na matairi ya upepo, badala ya yale marefu ya zamani. Mwaka uliotangulia, rekodi ya maili moja ya farasi wanaotupa miguu kwa mshazari ilikuwa dakika 2 na sekunde 8 na robo. Mwaka huo jike Nancy Hanks akaishusha hadi dakika 2 na sekunde 4. Beringi iliyokauka inamla mnyama nguvu kabla mzigo haujapakiwa. Kwa hiyo inua mkokoteni, zungusha gurudumu kwa mkono: likikwaruza au likisimama upesi, fungua, safisha, tia grisi.

Pwani yetu farasi hakustawi kwa sababu ya mbung'o, kazi ikabaki kwa punda. Huyu naye anaumizwa na vipimo vibaya kuliko na mzigo wenyewe.

Anza na mkanda wa kifuani, maana ndio unaovuta. Uwe na upana wa sentimita 8 hadi 10, ulale juu kidogo ya ncha ya bega na chini ya koromeo. Ukipanda, punda anakabwa, anapumua kwa kelele na kusimama. Watu husema mkaidi, wanamchapa. Ukishuka, unazuia miguu ya mbele. Kiganja kilicholala bapa kipite kati ya mkanda na kifua. Kamba ya mkonge, ingawa tunayo tele hapa Tanga, isiguse ngozi: jasho na vumbi la mchanga vikiingia inakuwa msasa. Tyubu ya tairi nayo haipitishi hewa, ngozi inavimba malengelenge. Tumia turubai iliyokunjwa, ndani weka kitambaa cha pamba, na ufue.

Mgongoni weka mito miwili, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, ili uti wenyewe usiguswe na kitu. Nywele nyeupe zilizoota sehemu hiyo mara nyingi ni alama ya kidonda cha zamani. Chunguza mto huo kwanza.

Mizani ya mzigo ndiyo inayopuuzwa sana. Uzito ukae juu ya ekseli. Kabla ya kumfunga punda, shika mikono ya mkokoteni uliopakiwa: uiinue bila kukaza misuli, lakini isipae yenyewe. Mzigo ukirudi nyuma, mikono inapanda na mkanda wa tumbo unamkaba. Ukija mbele, mgongo unabeba kile ambacho magurudumu yangebeba. Mchanga uliolowa chepechepe ni mzito kuliko mkavu, kwa hiyo ndoo zile zile zilizopakiwa jana si uzito ule ule leo.

Mteremko unahitaji mkanda wa nyuma ya mapaja. Bila huo gari linamsukuma punda kwa mbao.

Mwisho, mtembeze mita hamsini na gari tupu, nawe utembee nyuma ukiangalia kwato za nyuma. Zikigusa gurudumu, panua ekseli. Zikigonga ubao wa mbele, refusha mikono ya mkokoteni.