Kipande cha Babu pale Kageye

Babu alingoja tumalize ugali ndipo akasema: kile kipande cha chini, kinachopakana na makaburi ya Wazungu, hakilimwi tena. Anakikabidhi kijiji kitunzwe pamoja na makaburi yale.

Ba mdogo alikuwa amekwisha kununua mbegu za dengu.

Kageye ipo ufukweni mwa Ziwa Victoria, Wilaya ya Magu. Henry Morton Stanley, msafiri mpelelezi wa Kizungu, alifika hapo Februari 1875, akaunganisha boti yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande kutoka Bagamoyo, kisha akalizunguka ziwa. Vitabu vina jina la boti. Vina hata jina la Frederick Barker, kijana wa Kiingereza aliyefia Kageye wakati Stanley yuko majini. Waliobeba boti mabegani, hao wengi wao hawana hata jiwe la kuwakumbuka.

Hilo ndilo lililomkera Babu. Baba yake alimkataza kutia jembe chini ya mwembe wa pale, akimwambia kuna wageni wamelala: wapagazi, na watu waliokuja wamefungwa kamba. Babu akatii, lakini kila msimu sisi wajukuu tulikuwa tukisogeza matuta kidogo kidogo, hadi viazi vikakaribia shina.

Ukoo ulikaa siku ya Jumapili. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nikapewa daftari niandike muhtasari. Ba mdogo alisema neno ambalo wengi walikuwa nalo rohoni: kuna mtu wa mjini anatafuta kiwanja cha ufukweni, na ana hela taslimu. Shangazi akamuuliza kama mtu huyo ataweka choo juu ya wageni wa Babu. Watu wakacheka, naye akanuna.

Afisa mmoja aliyealikwa kutoka wilayani alitueleza sheria, na hapo nilisikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza darasani. Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais ni mdhamini tu. Babu hatoi ardhi, anarudisha kwa halmashauri ya kijiji haki yake ya kuitumia. Nayo Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo na makaburi ya kabla ya 1863. Stanley alichelewa miaka 12! Ya baada ya hapo hungoja Waziri ayatangaze. Babu akasema yeye hana umri wa kumngoja Waziri, leteni minyaa.

Tukapanda minyaa iwe ua wa kukizunguka kipande jioni ileile, maana mbuzi hawaili na ng'ombe huuheshimu utomvu wake. Kazi iliendelea vizuri mpaka tulipofika kwenye mwembe. Ba mdogo akasimama mbele ya shimo. Mwembe aliupalilia yeye tangu mche, alidai, ingawa kila mtu alijua ulikuwepo kabla hajazaliwa. Babu angeweza kumkemea. Badala yake alinigeukia: "Andika, mjukuu wangu. Mwembe unaingia ndani, embe ni za baba yako mdogo."

Nikaandika kama sharti la pili. La kwanza lilikuwa kutolima. Mtendaji wa kijiji alipoletewa karatasi aliisoma mara mbili, akauliza kama kweli anapaswa kugonga mhuri kwenye habari za embe. Babu akamjibu bila hayo hakuna kipande. Akagonga.